Nyufa ndogo kwenye upinde wa mkone: je, gundi inatosha?

Mkazi wa Kayole:
Habari zenu, mafundi. Mjomba wangu wa Kitui alinichongea upinde wa mti wa mkone, nami huutumia kulenga magunia yaliyojazwa nyasi tu, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Tangu niulete Nairobi, umepata ufa mgongoni, yaani upande unaoelekea shabaha, unaofuata nyuzi za mti kwa urefu wa kidole. Tumboni, yaani upande unaonielekea mimi, karibu na mshiko, kuna pia vimistari vyembamba vinavyokata nyuzi hizo. Je, nivijaze vyote gundi?

Seremala wa Gikomba:
Ndugu, ufa wa mgongoni usikutie hofu iwapo haujafika ukingoni, kwani mti unapoendelea kukauka hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na ufa wa namna hiyo mara nyingi haupunguzi nguvu ya upinde. Vua ugwe kwanza, kisha ufute mafuta au nta yote kwa spiriti, maana gundi haishiki mti wenye mafuta. Dondoshea supagluu nyepesi, ile inayotiririka kama maji, hadi ufa ukatae kunywa zaidi. Usiifute kwa kitambaa cha pamba: gundi hiyo ikikutana na pamba hupata moto na kutoa moshi unaochoma macho. Ikishakauka, piga msasa laini, halafu uzungushie uzi wa nailoni wa fundi viatu, kila mzunguko ukigusa mwenzake.

Mlenga Shabaha:
Nakubaliana na fundi kuhusu mgongo, ila vimistari vya tumboni ni jambo lingine kabisa, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili wasiwasi. Upinde ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Vimistari hivyo ni nyuzi zilizopondwa kwa sababu sehemu hiyo inapinda kupita kiasi huku nyingine zikikaa kama rungu. Gundi haiwezi kurudisha nyuzi zilizopondwa. Tafadhali mwombe mtu auvute upinde kidogo tu, wewe ukiutazama kwa mbali: ni wapi hasa unapopinda?

Mkazi wa Kayole:
Ahsanteni. Mkono wa juu wa upinde, yaani nusu iliyo juu ya mshiko, unapinda karibu na mshiko pekee. Kuanzia katikati hadi nchani umenyooka.

Mlenga Shabaha:
Basi hapo palipo na vimistari usipaguse. Paruza tumbo la sehemu iliyonyooka kwa kipande cha kioo, kidogo kidogo, ukiupinda na kuutazama kila baada ya miparuzo michache, mpaka mkono wote ugawane kazi. Upinde utakuwa mwepesi zaidi kuvuta, na hiyo ndiyo gharama yake.

Seremala wa Gikomba:
Hapo nimeelewa, mwenzangu. Kioo ni bora kuliko randa, ambayo huweza kung'oa kibanzi. Niongeze jambo moja: pitisha pamba mgongoni polepole, na ikinaswa popote ujue kuna kibanzi kinachoanza kuinuka. Kibandike na ukizungushie uzi kabla hujavuta tena. Lakini ukiona mgongoni mstari unaokata nyuzi, hata uwe mwembamba kama unywele, upinde huo utundike ukutani, kwa sababu utavunjika ukiwa umeuvuta karibu na uso wako.

Mkazi wa Kayole:
Nimepitisha pamba, haikunaswa. Jumamosi nitaanza na ufa, kisha nisubiri siku nzima gundi ikauke kabla ya kuparuza.