Watoto wa nguruwe wanalegea na kufa siku ya pili baada ya kuzaliwa: naomba ushauri

Mfugaji wa Kibamba:
Habari zenu wanajukwaa. Jike wangu alizaa watoto 13 juzi alfajiri, wote wakiwa hai, ila watatu walikuwa wadogo mno kuliko wenzao. Jana usiku hao wadogo walijitenga na kuanza kuyumba. Leo asubuhi wawili nimewakuta wamelala ubavu, wakipiga miguu kama wanaoogelea na kutafunatafuna bila kitu mdomoni, ngozi ikiwa ya baridi. Wamekufa kabla ya saa tatu. Hawakuhara, na mama yao anakula vizuri. Jirani anasema ni homa ya nguruwe, lakini nina mashaka. Aliyebaki nimpe nini? Na inawezekanaje mtoto niliyemwona kwa macho yangu akiwa ameshika chuchu afe kwa njaa?

Kitimoto Goba:
Pole sana, mkuu. Koroga sukari kijiko kimoja katika maji ya uvuguvugu, umnyweshe kwa bomba la sindano. Baridi usiihofie, hapa ni Dar.

Daktari wa Mifugo Temeke:
Ndugu wa Kibamba, pole. Dalili ulizozieleza ni za sukari kupungua katika damu pamoja na mwili kupoa, mambo mawili ambayo kwa mtoto wa nguruwe huongozana. Homa ya nguruwe ya Afrika haichagui wadogo na kumwacha mama akila vizuri; hata hivyo, kama mizoga bado mibichi, ipeleke Wakala ya Maabara ya Veterinari hapa Temeke ili shaka iishe.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba nzuri ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Kitovu kikishakatika, sukari ya mama haiji tena. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hushuka, na glukagoni, homoni inayoipandisha, hupanda, na ini huanza kuifungua akiba hiyo. Asiponyonya ipasavyo, sehemu kubwa huisha ndani ya siku moja, na akiwa kwenye baridi huisha mapema zaidi. Mnyama mkubwa angeanza hapo kutengeneza glukosi mpya, yaani sukari ya damu, kutokana na laktati (zao la kazi ya misuli) na asidi amino (vijenzi vya protini), lakini ini la mtoto wa nguruwe katika wiki ya kwanza bado halijaimudu kazi hiyo, hasa linapokosa mafuta ya maziwa ya kuiendesha. Mafuta yake ya mwilini nayo ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake, na mengi ni sehemu ya seli zenyewe, hayatumiki kama nishati. Ndiyo maana wa siku mbili akikosa maziwa hufa, ilhali wa wiki tatu hustahimili.

Kushika chuchu si kunyonya. Mtoto anahitaji angalau gramu 200 za dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga, katika saa 24 za kwanza, na aliye chini ya kilo 1 husukumwa na wenzake kabla hajapata hata robo yake. Uzao ujao, wakubwa wakishashiba waweke kwenye boksi lenye joto kwa saa moja, wadogo wabaki na mama. Kwa huyu aliyebaki saa za dang'a zimepita, kwa hiyo mkamulie mama yake na umnyweshe maziwa kidogo kidogo.

Ushauri wa sukari ya mezani siukubali, samahani ndugu wa Goba. Utumbo wa mtoto mchanga wa nguruwe bado hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, hivyo humharisha bila kumpandishia sukari ya damu. Tumia glukosi ya unga ya duka la dawa, tena kama anameza. Akishalegea usimmiminie chochote mdomoni. Mwite mtaalamu amchome mililita 15 za glukosi ya asilimia 5 iliyopashwa joto, ndani ya uwazi wa tumbo, na kurudia kila baada ya saa 4 hadi 6.

Hilo la joto la Dar nalo huwaponza wengi. Usiku wa Julai hushuka karibu na nyuzi 20, na mtoto huyo anataka nyuzi 32 hadi 34 pale anapolala. Weka taa ya joto na maranda makavu, wala usiwashe jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa.

Mfugaji wa Kibamba:
Nashukuru sana, daktari. Mbona ndama wa jirani alichelewa kunyonya karibu siku nzima na akapona? Pia nina jike mwingine wa kuzaa wiki ijayo nami nitakuwa safarini. Je, naweza kumchoma sindano azae mapema?

Daktari wa Mifugo Temeke:
Ndama huzaliwa na mafuta ya kahawia kuzunguka figo, ambayo hutoa joto na ambayo nguruwe hana, na ini lake hutengeneza glukosi vizuri zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo kumchelewesha dang'a hakufai, kwa kuwa utumbo huacha kupitisha kinga baada ya takriban siku moja.

Sindano usiichome. Katika siku za mwisho za mimba kotisoli, homoni ya kijusi, hupanda, nayo ndiyo inayoliandaa ini kuweka glikojeni na kuamsha vimeng'enya vya kutengeneza glukosi. Mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi. Ukimzalisha kabla ya siku ya 113 unapata watoto wenye akiba pungufu, na wewe mwenyewe hupo. Kama una tarehe ya kupandisha, hesabu kutoka hapo, kisha mtafute mtu wa kukesha bandani usiku huo.