Walimu, acheni kuwafundisha watoto wetu kwamba jiji ni mji mkuu!

Wanajamvi, salaam. Leo nina hasira na sitaificha.

Binti yangu anasoma praimari hapa Jinja. Kwenye zoezi la Kiswahili wameambiwa waeleze maana ya "jiji" na watoe mfano. Akaandika: "Ni mji mkubwa sana. Mfano: Jinja." Mwalimu amelikata jibu lote kwa wino mwekundu, pembeni akaandika: "Jiji ni mji mkuu wa nchi. Jibu: Kampala." Alama sifuri.

Mtoto amelala jijini, ameamkia jijini, halafu anaambiwa jiji liko Kampala tu! Jinja ni jiji tangu Julai 2020, pamoja na Mbale, Mbarara, Gulu, Arua, Masaka na Fort Portal. Mwaka 2021 tulipiga kura kumchagua meya wa jiji. Huyo mwalimu siku hiyo alikuwa wapi?

Tena neno lenyewe linajieleza. Chukua "mji", vua m-, uvike ji- ya ukubwa, unapata "jiji", kama mtu anavyokuwa jitu na mto unavyokuwa jito. Linataja ukubwa. Ikulu na bunge havimo humo hata kidogo.

Mji mkuu ni habari nyingine: ni pale serikali inapokaa. Na sisi Waganda ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wengi, kwa sababu Waingereza walitutawala kutoka Entebbe huku biashara na watu wakijaa Kampala. Kampala imekuwa mji mkuu mwaka 1962. Jirani zetu Tanzania serikali iko Dodoma, na Dar es Salaam imebaki jiji kubwa kuliko yote nchini. Nigeria walihamia Abuja mwaka 1991, je, Lagos ilisinyaa ikawa kijiji?

Nadhani mkanganyiko unatokana na Kiganda. Zamani kibuga kilikuwa makao ya Kabaka, pale Mengo kwa mfano, na leo "ekibuga" ni mji wowote ule, mji mkuu ukiitwa "ekibuga ekikulu". Mtu akitafsiri kichwani haraka haraka anavichanganya. Namwelewa mtu wa sokoni. Mwalimu anayelipwa kufundisha Kiswahili simwelewi.

Sasa nikapeleka malalamiko kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Ndipo nikachoka kabisa. Mzazi mmoja, tena anayejiita msomi, akaandika kwamba mji mkubwa wa kweli ni "metropolisi", na metropolisi ni mji wenye metro, yaani treni za chini ya ardhi, kwa hiyo Uganda hatuna hata jiji moja. Watu wakampigia makofi!

Ndugu zangu, ni kinyume chake. Neno ni la Kigiriki: meter ni mama, polis ni mji. Mji mama. Wagiriki waliuita hivyo mji uliotoa watu wakaenda kuanzisha miji mingine ng'ambo, kama Korintho ilivyoanzisha Syracuse kule Sicily katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Kanisa likalichukua kwa mji wa askofu anayeongoza jimbo zima la kanisa. Hadi leo Wakatoliki wa Uganda wana maaskofu wakuu wa aina hiyo Kampala, Gulu, Mbarara na Tororo. Baadaye likawa la jiji kubwa lenye miji inayolitegemea. Treni imekuja mwishoni kabisa: reli ya London ya mwaka 1863 iliitwa Metropolitan kwa sababu ilihudumia jiji hilo, Paris nao wakafungua yao mwaka 1900, watu wakakata jina likabaki "metro". Treni imepewa jina na jiji!

Na ndiyo maana hapa kwetu kuna wizara ya Kampala na maeneo ya metropolitani, ikihesabu Wakiso, Mukono na Mpigi, ingawa treni ya chini ya ardhi hatuna.

Nataka alama za mtoto zirudishwe na darasa zima lisahihishiwe. Walimu wa Kiswahili mlioko humu, semeni: ni kitabu gani kinachowafundisha hivi? Kitajeni. Na nyie wa Mbale, Gulu na Mbarara, fungueni madaftari ya watoto wenu usiku huu mtuambie mmekuta nini.