Sauti ya udi inakatika nikifundisha mtandaoni, nifanyeje?

MpigaRisha
Assalaam alaykum wadau. Nafundisha udi kwa Zoom, mwanafunzi yuko Muscat. Nyumba yetu ni ya zamani, Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe. Ruta ya laini iko sebuleni chini, mimi nafundishia ghorofani. Nikipima kasi napata Mbps 20, lakini nikianza taksimu (kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo) sauti inakatika. Mtoto wa watu analipa, kisha kutwa ananiambia “mwalimu, sijasikia”. Naumia sana. Nihame kampuni?

FundiWaya
Usihame kwanza, mwalimu. Kasi si hoja, hoja ni utulivu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping 192.168.1.1 -t (au anwani iliyobandikwa chini ya ruta); hiyo hupima ruta inajibu baada ya milisekunde ngapi. Fungua dirisha la pili, ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google huko nje. Ziache dakika kumi. Ya ruta ikirukaruka, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ikitulia ila ya pili inaruka, hapo wapigie kampuni.

MpigaRisha
Ya ruta: 4, 180, 260, mara haijibu kabisa.

FundiWaya
Basi ni ukuta. Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz haifui dafu kwa jiwe hilo, ya 2.4 inapenya zaidi, ila majirani wote wamejazana humo. Vuta waya wa neti, upitishe ngazini. Waya wa aina ya Cat5e unatosha, ila uwe wa shaba tupu.

BintiKanuni
Naongezea, kwa sababu hili lilinitesa. Zoom yenyewe hudhani mlio mrefu wa nyuzi ni kelele, inaufuta. Kwenye mipangilio ya sauti washa “Original sound for musicians”, na mwanafunzi naye awashe. Vaeni hedifoni, la sivyo mwangwi utawarudia. Sauti hiyo bora hula kbps 96 tu. Mlaji ni picha, kwa hiyo zima HD. Na msijaribu kupiga pamoja, mtapishana tu. Piga wewe, kisha ajibu yeye.

MpigaRisha
Allah awalipe. Nimevuta waya, ruta sasa inajibu 1, 1, 1. Jana tumepiga maqamu ya Rast mwanzo hadi mwisho, hata robo sauti (ile nota ya katikati isiyo kwenye piano) ameisikia! Ila baada ya Isha ile ya 8.8.8.8 hupanda hadi 150.

FundiWaya
Saa hizo mnara umeelemewa. Sogeza ruta dirishani, na somo lihamie asubuhi.

MpigaRisha
Muscat wametutangulia saa moja tu, itawezekana. Tumeshakubaliana Jumamosi saa mbili asubuhi.