Naombeni ushauri: figo la mwanangu limetanuka, nirudie picha au nisubiri?

MamaWatatu: Wakuu, habari za usiku. Mwanangu wa kiume ana miezi mitano. Tangu yuko tumboni waliona figo la kushoto limetanuka. Alipozaliwa wakapima, wakakuta sehemu ya ndani ya figo inayokusanya mkojo ina upana wa milimita 12, wakasema wengi hukaa sawa wenyewe. Sasa wanataka picha nyingine. Ananyonya, anakojoa vizuri. Kuna ulazima, au nisubiri afikishe mwaka?

Kichuguu: Nenda. Altrasaundi haina mionzi wala sindano, unaogopa nini?

BabaPacha: Wangu mmoja alikuwa hivyo hivyo. Walimpima siku ya tatu, maana kabla ya saa 48 mkojo wa kichanga ni kidogo, figo linaweza kuonekana zima kumbe sivyo. Mama mkwe alikesha akilia wiki nzima. Leo huyo mtoto hashikiki kwa mbio.

Mtumishi: Mtoto ni amana, dada. Tunauliza simu kabla ya daktari.

NesiWaZamu: Hiyo 12 ni ya lini? Hajapigwa nyingine? Homa je?

MamaWatatu: Ni ya wiki ya kwanza. Ya mwezi wa tatu ilisoma 17. Homa alipata mara moja, ikashuka. Walimwandikia antibayotiki kidogo kila usiku kuzuia maambukizi ya mkojo, nimeacha wiki mbili sasa. Si uzembe. Kumnywesha dawa kila siku mtoto anayecheka, roho inakataa.

Mchungulia: Mwanzo 12, sasa 17, kesho 30. Hadithi ya kutunga hii.

MamaWatatu: Nitunge ili nipate nini? Nilitaja 12 kwa sababu hiyo ndiyo inayoniletea usingizi.

NesiWaZamu: Mchungulia, mwache. Dada, ikifika 15 ni daraja jingine, haisubiri mwaka. Kwa wa kiume huangaliwa pia mirija na ukuta wa kibofu, maana wapo wanaozaliwa na vali, yaani kiutando, inayoziba njia ya mkojo. Huenda wakampiga picha akiwa anakojoa, waone kama mkojo unarudi juu. Dawa mwambie daktari umeacha, usimfiche kama ulivyotuficha. Na homa yoyote, mkojo upimwe siku hiyo hiyo. Leo yukoje?

MamaWatatu: 38.6 tangu jioni. Nilidhani meno.

BabaPacha: Acha simu. Nendeni sasa hivi.

MamaWatatu: Nimeshambeba. Picha zote mbili ninazo mkononi.