Nova 1972 yenye kemshafti kali: niweke toki konveta ya kiasi gani?

Nova_ya_Houston

Wakuu, salamu kutoka Houston. Nina Chevrolet Nova ya 1972, injini 350 (inchi za ujazo), giaboksi ya otomatiki TH350. Injini nimeifumua na kuweka kemshafti (shafti inayofungua valvu) ya digrii 240 za kuingiza kwa 246 za kutoa, ikipimwa kwenye mnyanyuko wa inchi 0.050. Karatasi yake inasema nguvu inaanzia mizunguko 2,300 mpaka 6,500 kwa dakika. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ni 3.08, tairi inchi 26. Toki konveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, ni ile ile iliyokuja na gari.

Kwenye neutro sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inakaa 950 na mlio wake mtamu kweli. Nikiingiza D mshale unaporomoka hadi 600, gari inatetemeka, inasukuma breki, na ikishapata moto inazima kwenye taa. Nikiondoka kwa kukanyaga mafuta inajikokota, halafu ikifika kama 2,500 inachomoka ghafla. Muuza spea ananiambia konveta ya 2,000, yaani inayoanza kushika injini ikifika mizunguko hiyo, inatosha. Jamaa wa kwenye mbio anasema weka 4,000. Mimi naendea nayo kazini na wikiendi nakimbia robo maili. Nishaurini.

Fundi_Giaboksi

Mkuu, kemshafti yako haina tatizo. Inafanyishwa kazi mahali isipopaweza.

Kemshafti ndefu kama hiyo inachelewa kufunga valvu za kuingiza. Injini ikizunguka polepole, pistoni inapoanza kupanda inarudisha sehemu ya mchanganyiko kwenye manifodi. Tena kuna muda valvu za kuingiza na za kutoa zinakuwa wazi pamoja, moshi unarudi ndani. Ndiyo maana chini ya 2,000 hauna kitu. Sasa konveta ya kiwandani ya gari kama lako inashika karibu na 1,800, maana yake inaibana injini hapo hapo ilipo dhaifu. Hata kwenye sailensa inaibebesha mzigo isiouweza, ndiyo hiyo 950 kushuka 600.

Konveta inatakiwa iiachie injini ipande mpaka ilipoanza kupata nguvu, ndipo ishike. Mimi huchukua namba ya chini ya kemshafti na kuongeza kama 500. Yako ni 2,300, kwa hiyo tafuta ya 2,800 mpaka 3,200, yenye kipenyo cha inchi 10. Ile 2,000 itakuacha na shida ile ile. Ile 4,000 kwa gari ya kwenda kazini itakuchemshia oili bure na kila ukigusa mafuta injini italia kabla gari haijasogea.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: namba iliyoandikwa kwenye boksi si ya konveta peke yake. Konveta ile ile nyuma ya injini kubwa ya 454 itapanda juu zaidi kuliko nyuma ya 350 yako, kwa sababu inasukumwa na toki kubwa zaidi. Kwa hiyo anayekutengenezea mpe uzito wa gari, difu, tairi, kemshafti na kompresheni. Asipouliza hayo, tafuta mwingine.

Halafu hiyo 3.08 itoe. Weka 3.73. Ukiwa maili 70 kwa saa utakuwa kama 3,370 badala ya 2,790, kelele itaongezeka, lakini konveta itapunguza kuteleza na gari itaondoka kama inavyotakiwa. Kompresheni yako (mara ngapi pistoni inabana mchanganyiko) ni ngapi? Injini hizi mwaka 1972 zilitoka na 8.5. Kama bado ni hiyo, hakuna konveta itakayokuponya kabisa.

Mmaskati

Fundi amesema kweli. Mimi niko Maskati, tunapanda vilima vya mchanga, na huku adui ni joto. Konveta inapoteleza nguvu inageuka kuwa joto ndani ya oili. Kaka, usiifunge bila kupooza oili kwa rejeta ndogo ya peke yake mbele, na geji ya joto uione ukiwa umekaa kwenye usukani.

Nova_ya_Houston

Shukrani sana. Pistoni ni mpya, kompresheni 9.7. Nimeelekea kwenye ya 3,000 na difu 3.73. Nikiifunga niangalie nini?

Fundi_Giaboksi

9.7 safi kabisa. Kwanza mimina oili ndani ya konveta kabla ya kuipandisha. Isukume huku ukiizungusha, utaisikia ikiingia hatua tatu: shafti ya giaboksi, shafti ya steta (sehemu ya kati ya konveta), mwisho pampu ya oili. Usikubali kuacha hiyo ya tatu. Ukishafunga giaboksi kwenye injini, konveta lazima izunguke kwa mkono, na uivute mbele milimita 3 mpaka 5 tu kufikia bati la flaiwili, lile la nyuma ya injini ambalo konveta inafungwa kwake. Ikiwa haina nafasi hata kidogo, usikaze bolti hata moja, maana haijakaa kwenye pampu na ukilazimisha unaipasua.

Kuijaribu, usikanyage breki na mafuta pamoja muda mrefu. Tairi za nyuma zitazishinda breki, au utaunguza oili. Tafuta barabara iliyo wazi, simama, kandamiza mafuta mpaka chini na utazame mshale umeruka mpaka wapi kabla gari haijashika. Hiyo ndiyo namba yako ya kweli.