Likizo bila gari: wapi ukishuka basi unamalizia kwa miguu? Tupeane uzoefu

Mwana Chumbageni (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Shule zinakaribia kufungwa na wanangu wanataka kulala nje ya Tanga mjini. Gari sina, na kukodi la mtu na dereva wake ni kula bajeti yote kabla hatujafika. Kufika si tabu, mabasi yapo. Tabu huanza ukishashushwa: hoteli iko porini, chakula ni kilekile chao kwa bei yao, na kila ukitaka kutoka lazima umpigie boda. Kwa hiyo siulizi wapi pazuri. Naulizia wapi ukitoka chumbani unakutana na mji. Aliyekwenda mwenyewe aseme.

Shangazi wa Makorora
Bagamoyo, mwanangu. Mimi hupitia Dar kwa mdogo wangu, gari za Bagamoyo tunapandia Makumbusho, kilomita 70 hivi. Stendi hadi Mji Mkongwe ni bajaji kidogo tu, na kama mzigo mwepesi hata huihitaji. Mle ndani gari lingekuwa kero. Ngome Kongwe, Caravanserai (kituo cha misafara ya zamani), Boma la Wajerumani la 1897, vyote unavipitia kwa mguu, ukichoka unakaa barazani kwa watu, unaamkia, unapewa maji.

Wajukuu zangu walichopenda si majengo, walipenda soko la samaki. Vyombo vinaingia, mnada unapigwa, unanunua wako na wakaangaji wako hapohapo. Tukitoka hapo tunapanda kaskazini hadi Misheni, ile ya mapadre waliofika 1868, njia yake ina miembe mikubwa, kivuli mtindo mmoja. Mwili wa Livingstone ulipitia hapo 1874 kabla ya kuvushwa Unguja.

Magofu ya Kaole ndiyo mbali kidogo, kilomita 5 hivi kusini. Usiwapitishe watoto ufukweni kwa miguu, kule kuna upweke mno. Chukua bajaji, patana naye kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujakaa kwenye kiti. Na bahari ya kule ikipwa imepwa kweli, hasa siku za bamvua. Hoteli itakuandikia "ufukweni" halafu maji uyaone kwa mbali. Waulize maji yanajaa saa ngapi ndiyo mpange kuoga.

Kijana wa Raskazone
Umesahau kumtajia TaSUBa, kile chuo cha sanaa, shangazi. Akipata gesti upande ule, mazoezi ya ngoma anayasikia bure.

Msambaa wa Soni
Pwani pwani pwani! Panda basi la Lushoto hapo Kange, likipita Mombo linaanza kuzunguka milima na joto la Tanga unaliacha chini. Beba sweta, mwezi wa sita na wa saba baridi si ya mchezo. Lushoto mjini soko, stendi na gesti vimekaa pamoja. Irente, kule kwenye ukingo wa mlima, ni kama kilomita 5, sisi huenda kwa miguu asubuhi. Njiani unakutana na akina mama wanateremsha mboga, na pale Irente Farm mnanunua mkate na jibini mnakula bustanini. Ukifika ukingoni unaiona Mazinde na tambarare yote chini yako. Gari lingekufikisha mapema tu, ukapiga picha ukarudi kulala.

Baba Pacha
Mimi nilikwenda Ushongo, ng'ambo ya Pangani. Kivuko hadi Bweni kizuri, watoto walikifurahia. Kutoka Bweni ndipo mambo: boda mbili, mabegi mapajani, mchanga. Sisemi pabaya, bahari ile sijaona mfano wake. Ila kwa sharti la mleta mada, Ushongo haimo.

Bi Mkubwa
Baba Pacha, napingana nawe. Mateso ni siku ya kufika na ya kuondoka. Katikati hapo ungelipeleka wapi hilo gari? Mchanga, minazi, maji. Mwambie mwenye hoteli akutafutie boda wa kumwamini, basi. Asiyeweza kukaa sehemu moja ndiye Ushongo itamshinda.

Baba Pacha
Bi Mkubwa, wewe huna pacha wa miaka minne.

Mtoro wa Mombasa
Mwenye pasipoti avuke Horohoro aende Lamu. Ukifika Mokowe mwenye gari na asiye nalo wote mnapanda boti, magari yanabaki bara. Mle mji wa kale ni miguu na punda. Ni safari ndefu lakini, kwa watoto wadogo sishauri.

Kijana wa Raskazone
Na hapa Tanga penyewe je? Mji tambarare, baiskeli kila nyumba. Mapango ya Amboni ni kilomita 8 tu, daladala hadi njia panda, boda anamalizia. Vaeni viatu vya kufunga, mle ndani kunateleza na popo ni wao kwa wao. Au ndiyo waja leo waondoka leo hata kwa wenyeji?

Mwana Chumbageni (mleta mada)
Amboni wamekwenda na shule, hawataki kusikia. Nabaki na Bagamoyo na Lushoto. Msambaa, mama yangu anakuja nasi na magoti yanamsumbua. Ataweza huko?

Msambaa wa Soni
Mjini ataweza, pako bondeni. Lakini vya kuona vyote viko juu, atabaki gesti peke yake na shali. Mpeleke mama Bagamoyo, kule hakuna hata tuta.