Ruta yenyewe inaendeshwa na Linux, halafu naambiwa "Linux hatuihudumii"!

Wakuu, niacheni niteme nyongo, maana nikinyamaza nitapasuka.

Nimenunua ruta mpya ya nyumbani, kile kifaa cha kugawa intaneti. Kompyuta zangu zote ni Linux, Windows haipo hata moja. Ndani ya boksi kuna kikaratasi chenye msimbo wa QR: pakua apu, fungua akaunti, fuata maelekezo. Basi. Kompyuta imetajwa mara moja tu, nyuma kabisa, kwa herufi za kutesa macho: "Windows na Mac tu."

Tu ya nini? Ruta haijui wala haijali unatumia mfumo gani. Unachomeka waya, DHCP (utaratibu wa ruta kugawa anwani za mtandao) inakupa anwani, unafungua kivinjari, unaandika anwani ya ruta na nywila iliyobandikwa chini yake, umeingia. Hata kijitabu hukihitaji. Andika `ip route` kwenye terminali (dirisha la kuandika amri), tafuta mstari unaoanza na "default via": namba inayofuata ndiyo ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Mashine yoyote yenye kivinjari inaiweza kazi hiyo.

Lakini namba hiyo hawakuiandika. Wameandika jina la tovuti, eti ndilo rahisi kukumbuka. Majina ya namna hiyo kwa kawaida hufunguka pale ruta yenyewe inapokuwa DNS yako, yaani inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukiwa umeshajiwekea DNS nyingine, mathalani 1.1.1.1, au kivinjari chako kinapitisha maswali ya DNS kwenye HTTPS bila kuiuliza ruta, unaweza kukesha na ukurasa mweupe ukidhani umeuziwa kifaa kibovu.

Nikaingia kwa namba. Ukurasa ukafunguka, nywila ikakubali, nikapokewa na maandishi makubwa: "Endelea kwenye apu." Sehemu ya WAN, ya kuunganisha ruta na intaneti, naiona kwa macho, vitufe vyake vimepauka na havibonyezeki. Yaani mipangilio ipo, wameifungia makusudi!

Haya, twende kwenye hiyo apu. Inataka barua pepe. Inataka ruhusa ya kujua nilipo. Na inataka intaneti ili ifungue akaunti, intaneti ile ile ambayo sina kwa sababu ruta haijawekwa. Kwa hiyo nitumie data za simu ili niruhusiwe kuwasha kitu nilichokwisha kukilipia? Na siku wakiamua kuizima hiyo apu, ruta nitaifanya kigingi cha mlango?

Nikashusha pumzi, nikawapigia watoa huduma wa intaneti, maana laini yao inatumia PPPoE, njia ya kuingia intaneti kwa jina la mtumiaji na nywila, na huenda ikataka namba ya VLAN, inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja. Sikilizeni wenyewe:

"Kaka, bonyeza Start, kisha fungua Control Panel."

"Dada yangu, mimi natumia Linux, hicho kitufe sina. Naomba tu jina la mtumiaji la PPPoE, nywila yake, na namba ya VLAN kama ipo."

"Samahani kaka, Linux hatuihudumii."

"Sijaomba muihudumie. Hayo nayaingiza kwenye ruta, hayaingii kwenye kompyuta."

"Tafuta kompyuta yenye Windows, halafu utupigie tena."

Simlaumu yule dada, anasoma alichoandikiwa. Nawalaumu waliomwandikia, na wanaojua fika kwamba PPPoE ikishawekwa kwenye ruta, kompyuta iliyo nyuma yake haihusiki kabisa na mambo hayo.

Sasa kilichonichefua zaidi. Ule ukurasa waliougandisha una kiungo kimoja chini pembeni: leseni. Nikakibonyeza. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe! BusyBox, mkusanyo wa zana za Linux! Leseni ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo chanzo wake! Kifaa kizima kimejengwa juu ya kazi iliyotolewa bure na watu wa Linux, halafu mtumiaji wa Linux ndiye anayeambiwa hayumo kwenye orodha. Wala si jambo jipya. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani, na GPL ikawalazimu kuachia msimbo chanzo wake. Kutoka hapo ikazaliwa OpenWrt, mfumo huria wa ruta uliojengwa kwa Linux, mwaka 2004. Miaka yote hiyo, na mtu bado anaandika "Windows na Mac tu" kwenye kikaratasi bila aibu.

Tafadhali, asije mtu hapa na "si uazime laptopu ya Windows dakika tano." Najua inawezekana. Sitaki.

Mwenye ruta ambayo ukurasa wake wa kivinjari unafungua kila kitu, pamoja na PPPoE na VLAN, bila apu wala akaunti, ataje modeli na toleo la maunzi. Toleo msilisahau: modeli ile ile, toleo la 1 na la 2 zinaweza kuwa na chipu tofauti, OpenWrt ikakubali moja na kuikataa nyingine. Hii niliyonayo inarudi dukani kesho asubuhi.